Mgonjwa Arudipo Kazini

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini

Mtu ashukaye kutoka Rutshuru kwenda Goma huona jambo la kustaajabisha. Nyumba nyingi za mji ule zimesimama juu ya jiwe jeusi, gumu, lenye ncha kali. Jiwe hilo halikuletwa na waashi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na mawe yaliyoyeyuka kwa moto yakateremka kama mto, yakapita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Maduka yaliteketea, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea pia.

Siku chache baadaye watu walianza kurudi, na jiwe lingali na joto. Je, walichimba ili kuzifufua nyumba zao za zamani? La. Nyumba hizo zilikuwa zimezikwa chini ya mwamba, wala hapana jembe liwezalo kuzitoa. Basi walifanya neno jingine. Walilisawazisha jiwe kwa nyundo, wakavivunja vipande vyake, wakajenga kuta kwa mawe yale yale yaliyowaunguza, na nyumba za mbao juu yake. Hivyo mji ukasimama tena, nao haukuwa mji ule wa kwanza.

Somo hili lamhusu mtu ambaye mwili wake umepatwa na jambo la namna hiyo: mtu mzima, mwenye mke na watoto na kazi aliyoizoea, aliyeangushwa na ugonjwa mrefu katikati ya maisha yake, akainuka na kilema. Afanye nini? Na sisi majirani zake tumfanyie nini?

1. Mfano wa mwenye chukudu

Mfikirieni mtu mmoja. Jina lake si lazima, kwa kuwa watu wa namna yake ni wengi.

Mtu huyu ana umri wa miaka 42, naye ni mwenye chukudu. Kila mtu wa Kivu aijua chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, lenye usukani, ambalo mwenyewe hulisukuma mlimani na kulipanda mteremkoni, goti moja juu ya ubao na mguu mwingine ukisukuma. Mji wa Goma uliiheshimu kazi hiyo hata ukaisimamishia sanamu katikati ya njia kuu. Mtu wetu hupakia kabichi na viazi huko Kibumba, huteremka hadi Goma kabla jua halijawa kali, na jioni hupanda tena. Kwa miguu yake amejenga nyumba, amelipa mahari, na watoto wanne wamo shuleni.

Mwaka mmoja mgongo ulianza kumwuma. Alidhani ni mizigo. Usiku alitokwa na jasho, na nguo zake zikazidi kuwa pana mwilini. Baadaye miguu ikaanza kulegea. Ndugu mmoja alisema, “Amelishwa sumu.” Mwingine akasema, “Ni mwenzake mwenye wivu, amemroga.” Wakauza mbuzi wawili, wakazunguka kwa waganga, na miezi sita ikapita. Walipomfikisha hospitali, daktari alitambua kwamba ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Yafaa kila mtu alijue jambo hili. Kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake. Chaweza kuishika mifupa ya mgongo pia. Hapo mifupa huoza polepole, na mishipa iendayo miguuni hubanwa. Ugonjwa huu huponywa kwa dawa, nazo katika nchi ya Kongo hutolewa bure. Lakini dawa hunywewa miezi mingi bila kukatiza, na mgonjwa achelewaye kufika aweza kupona ugonjwa na kubaki na kilema. Ile miezi sita waliyomtafuta mchawi ndiyo iliyomgharimu miguu yake.

Basi mtu wetu alipona. Lakini mguu wa kushoto haukuamka tena, na wa kulia ulibaki dhaifu. Akarudi nyumbani kwa magongo mawili, miaka miwili tangu alipolala. Chukudu yake ilikuwa bado imeegemezwa ukutani. Kila asubuhi aliitazama.

2. Makosa matatu

Mtu arudiye kutoka katika ugonjwa mrefu hukutana na makosa matatu njiani, na mtu wetu aliyafanya yote.

Kosa la kwanza ni haraka. Alipokuwa bado katika miezi ya dawa, maumivu yalipungua, naye akasema moyoni, “Nimepona.” Akamwita mwanawe amshike, akajaribu kuipanda chukudu. Hakufika hatua kumi. Alianguka juu ya jiwe, akalala majuma matatu mengine. Kupungua kwa maumivu si kupona, na daktari ndiye asemaye siku ya kumaliza dawa.

Kosa la pili ni kungoja. Baada ya kuanguka alikaa mlangoni akasema, “Nitafanya kazi siku miguu yangu itakaporudi.” Miezi ikapita. Aliingojea nyumba ya zamani itoke chini ya mwamba.

Kosa la tatu ni aibu, nalo ni baya kupita yote. Siku zile mkewe alikuwa akiuza kabichi sokoni, na fedha za chumvi, sabuni na shule zilitoka mkononi mwa mke. Mume aliona kuwa amevuliwa heshima yake. Akawa mkali kwa watoto. Alikataa chakula, akisema hana njaa. Mkewe hakumjibu kwa maneno makali. Usiku mmoja alimwambia, “Baba wa watoto, ulipokuwa ukitoka Kibumba nami nikala, je, nilikuwa nimevuliwa heshima? Tulikula kwa jasho lako. Sasa kuleni kwa jasho langu, mpaka tutakapoona njia.” Mume hakusema neno. Lakini usiku ule alikula.

3. Kuhesabu kilichobaki

Palikuwa na mzee jirani, seremala wa zamani, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mzee alifika akaketi mlangoni pamoja naye.

“Mwanangu,” mzee akauliza, “umepoteza nini?”

Mtu wetu akajibu upesi, maana hesabu hiyo alikuwa ameifanya kila usiku. “Nimepoteza miguu, mzee. Nimepoteza njia ya Kibumba. Nimepoteza wateja wangu. Nimepoteza fedha za miaka miwili.”

“Vema. Sasa nihesabie kilichobaki.”

Akanyamaza. Hesabu hiyo hakuwa ameifanya hata siku moja.

“Mikono yako je?” mzee akauliza.

“Mikono ni mizima.”

“Chukudu ikipita njiani nawe huioni, waweza kujua gurudumu lipi lina kasoro?”

“Nalijua kwa sauti yake, baba. Ile iliyopita asubuhi ilikuwa inalia kwa nyuma. Mpira wake umelegea.”

“Ni nani aliyekufundisha?”

“Hakuna. Ni miaka ishirini njiani.”

“Basi miaka hiyo ishirini haikukaa miguuni mwako,” mzee akasema. “Imekaa kichwani na mikononi. Ugonjwa haukuichukua.”

Hilo ndilo fundisho kubwa la somo hili. Mtu aliyeugua muda mrefu huhesabu kwanza alichopoteza, wala si dhambi kufanya hivyo. Msiba hauna budi kuliliwa. Lakini kazi mpya haijengwi kwa kilichopotea. Hujengwa kwa kilichobaki: viungo vilivyo vizima, ujuzi, jina jema, watu wanaomfahamu. Yule mwenye chukudu hakuweza tena kuwa msukumaji. Aliweza kuwa fundi.

4. Kuanza kidogo

Mtu wetu alianza chini ya upenu wa nyumba yake, kando ya njia. Chombo cha kwanza kilikuwa tezo la yule mzee. Msumeno na nyundo vilinunuliwa kwa fedha za likelemba ya mkewe, kwa kuwa wanawake wenzake walikubali kumpa zamu yake mapema. Alitengeneza magurudumu, akafunga mipira iliyokatwa kutoka matairi ya magari, akatia mafuta mahali pasuguanapo. Mwanawe mkubwa, arudipo kutoka shuleni, alimnyanyulia mbao nzito.

Mwezi wa kwanza alipata fedha za sabuni na chumvi tu. Alitamani kuacha. Zamani safari moja ya Kibumba ilimpa zaidi ya hizo. Lakini mwezi wa pili waliokuja walikuwa wengi kidogo, maana wasukumaji wenzake wa zamani waliona kwamba gurudumu lililotoka mkononi mwake halikuwaangusha mteremkoni. Mwaka ulipotimia, aliiondoa ile chukudu yake ukutani. Akaitengeneza yote, akamkodisha kijana mmoja wa jirani, naye kijana akamletea sehemu ya mapato kila Jumamosi.

Tena alijifunza kuutunza mwili wake mpya. Mtu ambaye miguu yake haisikii maumivu aweza kupata vidonda matakoni kwa kukaa mahali pamoja, naye asijue. Na vidonda hivyo vyaweza kumwua. Kwa sababu hiyo aliketi juu ya mto laini, akajiinua kwa mikono mara nyingi katika kila saa, na jioni mkewe alimtazama ngozi. Siku za baridi mgongo ulimwuma, naye hakufanya kazi. Hakuona haya kusema, “Leo siwezi, njoo kesho.”

Hakurudi kama alivyokuwa. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu mwenye kazi.

5. Je, mambo haya yapo kweli?

Labda mkatekumeni atasema, “Huo ni mfano tu.” Basi atazame mambo yaliyoonekana kwa macho.

Kati ya Goma na Gisenyi, mji wa Rwanda, kuna kivuko cha mpaka kiitwacho Petite Barrière, ambacho watu maelfu wamekuwa wakikipita kwa miguu. Kwa miaka mingi wameonekana hapo watu wenye vilema vya miguu, wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, zikiwa zimejaa magunia mbele na nyuma. Wengi wao walipata nafuu ya ushuru, kwa hiyo wafanyabiashara waliwapa mizigo wawavushie. Baiskeli ikiwa nzito, vijana wazima wa miguu waliajiriwa kuisukuma kwa nyuma. Hapo yule ambaye mji ungeweza kumwona mwombaji alikuwa amempa kazi mtu mzima wa miguu! Mwezi wa Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kazi hiyo ikakatika ghafula. Tangu hapo wachuuzi wengi wa mpakani walijifunza kukusanya mizigo yao pamoja na kuivusha kwa gari moja. Hata aliyejijenga mara moja aweza kulazimika kujijenga mara ya pili.

Tena yupo Inyasi wa Loyola, ambaye wakatekumeni wamesikia jina lake. Watu humkumbuka kama mtakatifu, wakasahau kwamba alikuwa kilema. Alikuwa askari wa Hispania, mpenda sifa na mavazi mazuri. Tarehe 20 Mei 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Umri wake ulikuwa kama miaka 30. Mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa tena na kuungwa upya, akalala miezi mingi, na tangu hapo alichechemea. Kazi ya vita ikawa imekwisha. Naye alifanya nini? Mwaka 1524, akiwa mtu wa miaka 33, aliketi darasani Barcelona pamoja na watoto ili ajifunze Kilatini tangu mwanzo. Mtu mzima mwenye ndevu, aliyewahi kuamuru askari, alirudia maneno pamoja na vijana wadogo. Kutoka benchi lile alifika chuo kikuu cha Paris, na mwaka 1540 shirika la Wayesuiti alilolianzisha likakubaliwa na Papa. Hakuanzia mahali pa juu alipoangukia. Alianzia chini, hakuona haya.

6. Wajibu wa majirani

Injili ya Yohane yasimulia habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, aliyelala kando ya birika la Yerusalemu. Bwana wetu alipomwuliza kama ataka kuwa mzima, mtu yule hakulalamikia viungo vyake. Alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia majini. Ugonjwa mrefu hufanya hivyo. Mwaka wa kwanza wageni hujaa nyumbani. Mwaka wa pili huja wachache. Mwaka wa tatu mgonjwa hana mtu. Hapo ndipo ajengapo upya kazi yake, wakati majirani wamekwisha kuchoka.

Basi jirani mwema hufanya mambo haya. Humpa kazi kabla ya kumpa sadaka. Kwa maana sadaka humlisha siku moja, na kazi humrudisha kati ya watu. Humlipa bei kamili, wala hasemi, “Wewe ni kilema, nusu yakutosha.” Humwita kwa jina lake, si kwa ulemavu wake. Ikiwa mkutano wa jumuiya hufanyika mlimani, huuleta bondeni ili naye afike. Wala hamkimbizi kwa mganga. Humfikisha hospitali mapema.

Msaada wa kweli upo pia mjini. Kituo cha Shirika la Umoja huko Goma kimejulikana miaka mingi kwa kuwatengenezea watu miguu ya bandia, vyuma vya kuimarisha miguu, na magongo, naye Msalaba Mwekundu wa kimataifa amekisaidia. Katika mji ulioona vita mara nyingi namna hii, waliopoteza viungo ni wengi, na si wote wajuao kwamba kituo cha namna hiyo kipo. Jirani ajuaye na amwambie asiyejua.

Hata sheria ya nchi imesema. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, yatambua haki ya watu wenye ulemavu kulindwa kwa namna ya pekee. Tena tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria nzima ya kulinda na kukuza haki zao. Lakini sheria hukaa mbali, katika karatasi. Jirani hukaa karibu. Ikiwa jirani hampelekei gurudumu lake bovu, sheria haitamletea.

7. Maswali na majibu

Swali: Je, ugonjwa mrefu ni adhabu ya mtu aliyekosa, au ni kazi ya mchawi?
Jibu: La. Kifua kikuu ni ugonjwa uletwao na vijidudu, nacho huponywa kwa dawa. Kumtafuta mchawi huongeza kilema.

Swali: Mgonjwa akiona nafuu, aache dawa?
Jibu: Asiache mpaka daktari aseme. Nafuu si mwisho wa ugonjwa.

Swali: Je, mume hupoteza heshima akila kwa jasho la mkewe?
Jibu: Hapotezi. Wawili hao ni mwili mmoja, na zamani mke alikula kwa jasho la mume.

Swali: Kazi mpya huanzia wapi?
Jibu: Huanzia katika kilichobaki: viungo vizima, ujuzi, jina jema, na watu.

Swali: Je, ni lazima arudie kazi yake ya kwanza?
Jibu: Si lazima. Akiweza, vema. Asipoweza, achukue ujuzi wa kazi ile aupeleke katika kazi nyingine.

Swali: Jirani ampe nini kwanza?
Jibu: Ampe kazi, na bei kamili ya kazi hiyo.

Kazi ya juma hili

Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja kijijini aliyeugua muda mrefu, ambaye watu wameacha kumtembelea. Aende akaketi naye. Asimwulize alichopoteza, kwa kuwa hilo ameulizwa mara nyingi. Amwulize alichobaki nacho, amsikilize mpaka mwisho. Kisha, kabla ya kuondoka, amwachie kazi: kikapu cha kusuka, jembe la kutia mpini, nguo ya kushona, mtoto wa kufundishwa kusoma. Na siku ya kuichukua kazi hiyo, alete malipo mkononi.